"Everyone" na "their": je, mtoto kakosea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita, shule ya inglishi midiam hapa Morogoro. Wiki iliyopita karudi na daftari la insha, ndani kaandika "Everyone should bring their own cup", mwalimu kaizungushia hiyo "their" kalamu nyekundu akaandika juu yake "his" na maksi akakata. Mtoto kalia kweli kweli, anasema kwenye vitabu vyake vya hadithi na kwenye katuni wanasema hivyo hivyo. Baba yake anasema mwalimu yuko sahihi, everyone ni umoja, ndo maana tunasema "everyone is" hatusemi "everyone are", na sisi wote tulifundishwa hivyo. Mi nimebaki katikati. Nani yuko sahihi, na je nimfuate mwalimu au ninyamaze? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama. Mtoto wako hajakosea. Naanza na hilo kabla ya maelezo yoyote maana najua unalisubiri, na yeye pia analisubiri. Sentensi yake ni Kiingereza sahihi, leo na tangu zamani sana.

Hoja ya baba yake lakini siyo ya kupuuza, ina akili ndani yake. Anasema hivi, kama everyone ni mmoja basi kila kitu kinachomfuata kiwe cha mmoja. Mi mwenyewe nimefundisha sekondari miaka mingi na hoja hiyo hiyo nimeiandika ubaoni, na kuna binti mmoja nilimkata maksi kwa sentensi kama hii ya mwanao, akaniuliza mbona kwenye kitabu cha hadithi tulichokuwa tunasoma darasani imo, nikamwambia kaa chini. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwasababu yule binti alikuwa amesoma kwa makini kuliko mimi.

Sasa tuitazame hoja yenyewe kwa kutumia lugha yetu. Sema "rafiki yangu amefika". Umeiona? "Yangu" imefuata ngeli moja, ile ya nyumba yangu na meza yangu, alafu "amefika" imefuata ngeli nyingine kabisa, ya watu. Neno ni lile lile moja, rafiki, sentensi ni moja, na upatanisho ni wa aina mbili, na hakuna mtu aliyewahi kukukata maksi kwa hilo. Ukija kwenye wingi ni hivyo hivyo, marafiki zangu wamefika. Au chukua kiongozi. Kwa umbo lake ni KI-VI kama kitabu na kiti, lakini nani anasema kiongozi kimewasili? Tunasema kiongozi amewasili, kipofu anapita, kifaru anakula majani, kwasababu maana imelishinda umbo, tunajua ni kiumbe hai kwahiyo tunampa a- yake. Mtoto wa miaka minne Tanga au Unguja anafanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Waingereza na everyone wanafanya kitu cha namna hiyo hiyo. Kitenzi kilichokaa karibu kinafuata umbo, everyone IS, kwasababu "one" imo humo ndani. Kiwakilishi kinachokuja mbele kidogo kinafuata maana, na maana ya everyone ni watu wengi, wa kike na wa kiume, ambao hatujui nani ni nani. Ndo ikaja THEIR. Hesabu haijavunjika hapo, ni upatanisho wa umbo na upatanisho wa maana vimekaa sentensi moja kama vilivyokaa kwenye rafiki yangu amefika.

Na hili si jambo la vijana wa mitandaoni, watu wengi wanadhani ni uharibifu wa juzi juzi. Kamusi kubwa ya Oxford inaonyesha matumizi ya "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu mwaka 1375. Chaucer, mshairi wa Kiingereza, anayo, mwishoni mwa miaka ya 1300. Shakespeare anayo, kwenye tamthilia yake ya Comedy of Errors kuna mtu anasema hakuna mwanamume anayekutana naye asiyemsalimia "As if I were their well-acquainted friend", na angalia vizuri hapo, anasema mwanamume, jinsia inajulikana kabisa, na bado katumia their. Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, katumia mara nyingi mno. Na kwa wale wenye Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 nyumbani, fungueni Wafilipi 2:3, mtakuta "let each esteem other better than themselves". Each ni mmoja mmoja, themselves ni wingi. Sasa fungua Biblia yako ya Kiswahili mahali hapo hapo usome, "kila mtu na amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko nafsi yake". Unaona sisi tulivyopita kirahisi? "Yake". Ya mwanamume au ya mwanamke, lugha yetu haiulizi. Yeye ni yeye, chake ni chake. Ndo maana wengi wetu tukiongea Kiingereza tunamwita mama "he" bila kujua, siyo ujinga huo, ni kwamba vichwa vyetu havijazoea kumuuliza mtu jinsia kabla ya kumtaja.

Kiingereza kinauliza, na hapo ndo shida ilipoanzia. Kwa karne kadhaa watu waliitatua na they, mambo yakaenda. Alafu miaka ya 1700 wakaja waandishi wa vitabu vya sarufi waliotaka Kiingereza kifuate utaratibu mkali kama Kilatini cha shuleni. Miongoni mwa wa kwanza kuandika kwamba umbo la kiume litumike kwa wote alikuwa mwanamke, Anne Fisher, mwalimu wa Newcastle, kwenye kitabu chake cha miaka ya 1740. Alafu akaja Lindley Murray, mwanasheria wa Marekani aliyehamia karibu na York, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1795, kitabu hicho kikachapwa na kuchapwa tena Uingereza na Marekani, watoto wengi mno wakakisoma. Murray anachukua sentensi ya "any one" iliyofuatiwa na their na they, anasema hii ni kosa, anaisahihisha kwa his na he. Ndo ile ile kalamu nyekundu ya Morogoro mama, imetoka huko, imepita vitabu vya shule vya Waingereza mpaka ikafika kwenye daftari la mwanao.

Nataka uelewe uzito wa hiyo "his" maana siyo neno dogo. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria nyingine, ikasema maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yamebeba na wanawake. Sawa, ukisoma unaona hapo wanawake wamo. Mwaka 1867 ikaja sheria ya uchaguzi iliyompa haki ya kura "every man" mwenye sifa fulani. John Stuart Mill alikuwa mbunge, akaomba neno hilo libadilishwe liwe "person", akakataliwa. Basi wanawake wa Manchester wakaenda kujiandikisha kwa maelfu, hoja yao ikiwa kwamba sheria ya 1850 inasema man ni pamoja na sisi, kesi ikafika mahakamani mwaka 1868, majaji wakasema hapana, hapa man ni mwanamume. Yaani kwenye kulipa kodi na kuadhibiwa neno la kiume linawachukua wanawake, kwenye kupiga kura linawaacha mlangoni. Wanawake wa Uingereza walikuja kuipata kura mwaka 1918, tena wale tu waliofika miaka 30 na wenye sifa za mali. Kwahiyo mtu akiniambia he inatosha kwa wote, hiyo kesi ndo naikumbuka.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Charles Converse, Mmarekani, mwanasheria na mtunzi wa muziki, alipendekeza kiwakilishi kipya kabisa, "thon", ufupisho wa "that one". Huyu Converse mnamjua bila kujua, ndiye aliyetunga tuni ya ule wimbo tunaouimba kanisani, Yesu kwetu ni rafiki. Pendekezo lake lilichapishwa mwaka 1884, neno likaingia hadi kwenye kamusi kubwa ya Merriam-Webster ya 1934, toleo la 1961 likatolewa kwasababu watu hawakulitumia. Tuni yake inaimbwa mpaka leo dunia nzima, neno lake limekufa. Lugha ilikuwa tayari ina they, watu walishaizoea midomoni, wakabaki nayo.

Na sa hizi hata wale waliokuwa wakali wamelegeza. Gazeti la Washington Post lilikubali mwaka 2015. Kitabu cha mwongozo cha shirika la habari la AP kikaruhusu kwa masharti mwaka 2017. Mwongozo wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ule unaotumiwa na wanafunzi wengi wa vyuo kuandika tasnifu, toleo la 7 la mwaka 2019 linaipendekeza kabisa mtu ambaye jinsia yake haijulikani au haihusiki aandikwe they.

Sasa kuhusu kumfuata mwalimu. Nenda, lakini nenda kwa adabu na nenda peke yako, mtoto asiwepo. Mwalimu huyo naye alifundishwa hivyo na vitabu vilivyo kabatini huenda bado vinasema hivyo, hana nia mbaya. Mwombe mfungue pamoja kamusi ya wanafunzi, ile ya Oxford Advanced Learner's au yoyote mpya, muangalie "they", atakuta matumizi haya yameandikwa wazi. Usidai maksi zirudi, omba tu asimwambie mtoto kuwa ni kosa. Na mtoto nyumbani mfundishe mlango wa pili, kwamba akiwa kwenye mtihani na hajui msahihishaji ni mtu wa aina gani, aipeleke sentensi yote kwenye wingi, "All pupils should bring their own cups". Hapo hakuna kalamu itakayomgusa. Lakini ajue anafanya hivyo kwa tahadhari, siyo kwasababu alikosea, maana mtoto akiambiwa amekosea mahali ambapo hajakosea anaanza kuogopa kufungua mdomo, na watoto wetu wanaoogopa kuongea Kiingereza wameshakuwa wengi mno.

SWALI: Habari mwalimu, nakusoma nikiwa Minneapolis, Marekani. Kazini kwetu watu wanaandika they/them chini ya majina yao kwenye imeli, na kuna mfanyakazi mwenzangu ninayemjua vizuri tu, mtu mmoja, anataka aitwe they. Sitaki kuongelea mambo mengine, nauliza lugha tu. Niseme "they is coming" au "they are coming"? Alafu hii nayo ni ya zamani kama Shakespeare au ni mpya? Maana ulimi unakataa kabisa. (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Sema "they are coming", hata kama anakuja peke yake. Na hii ni mpya, sitakuficha. Ile ya Shakespeare ni ya mtu asiyejulikana au mtu yeyote yule, someone, everyone, each. Hii ya mtu unayemjua kwa jina na sura, aliyechagua mwenyewe neno hilo kwasababu he na she hazimkai, imeenea miaka ya karibuni, kamusi ya Merriam-Webster iliingiza maana hiyo mwaka 2019 na mwaka huo huo wakaitangaza they kuwa neno lao la mwaka. Kwahiyo ulimi wako kukataa ni kawaida, hata wenyeji wa lugha wanajikwaa.

Lakini hoja ya kwamba neno la wingi haliwezi kumbeba mtu mmoja, hiyo haisimami, na ushahidi ni neno unalolitumia kila siku, "you". Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" ya mtu mmoja, kama wewe yetu, na "ye" na "you" za wengi, kama ninyi. Alafu kwa mfano wa Kifaransa, ambako mkubwa anaitwa "vous", na ndugu zetu wa Kongo hii wanaijua vizuri, Waingereza wakaanza kumwambia mtu mmoja wa heshima "you". Ni kama zilivyo baadhi ya lugha zetu za makabila, mkwe au mzee anasemeshwa kwa wingi. Heshima ikapanda, kila mtu akataka kuitwa you, mwishowe miaka ya 1600 "thou" ikawa inamfanya mtu aonekane umemdharau, ikaondoka kwenye mazungumzo ya kawaida, ikabaki kwenye sala na mashairi na vijijini huku na kule.

Na wapo waliopinga vikali! Waquaker, kundi la Wakristo lililoanzia Uingereza, waliona kumwita mtu mmoja kwa neno la wingi ni uongo na ni kulisha majivuno ya wakubwa, wakaendelea kumwambia kila mtu thou, hata hakimu, wengine wakapata matatizo makubwa kwa hilo. George Fox, mwanzilishi wao, na wenzake walitoa kitabu kizima mwaka 1660 kuonyesha kwa lugha nyingi kwamba umoja ni umoja na wingi ni wingi. Kwa sarufi ya wakati ule walikuwa na haki kabisa. Na bado leo unamwambia mtu mmoja "you are", kitenzi cha wingi, na hamna anayeshtuka. Ndo maana they inachukua are hata kwa mmoja, inapita barabara ile ile iliyopitwa na you. Tofauti ipo kwenye kujirejea tu, mmoja tunamwambia "yourself" na wengi "yourselves", na kwa they utakutana na "themself" kwa mtu mmoja, ambayo nayo ni ya zamani, ilipotea kisha ikarudi. Kwenye barua rasmi wengi bado wanapenda "themselves".

Ulimi nao una dawa, ambayo nimewapa wanafunzi wangu walioko nje na imewasaidia. Fikiria kwa Kiswahili. Usimfikirie kama they, mfikirie kama yeye. "Yeye anakuja, mfungulie mlango." Hamna jinsia humo ndani, hujalazimika kuchagua kitu, alafu ukifungua mdomo weka they mahali pa yeye. Wenzako waliozaliwa na Kiingereza wanahangaika kutoa kitu kichwani ambacho wewe hujawahi kuwa nacho. Ukijikwaa sema samahani, rekebisha, endelea na kazi, usianze kueleza.

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mombasa. Wanafunzi wanaandika "less people", "less books", mimi nasahihisha "fewer". Baada ya majibu yako ya miezi iliyopita naogopa sasa, je, hili nalo ni kosa la kubuni? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Hili ni nusu kwa nusu, na nafurahi umeuliza.

Less kwa vitu vinavyohesabika ni ya zamani kuliko they tuliyoiongelea hapo juu, imo kwenye maandishi ya Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Kanuni ya kutenganisha less na fewer inafuatiliwa hadi kwa Robert Baker, aliyeandika mwaka 1770, na yeye hakusema ni kosa, alisema tu yeye anaona fewer ingefaa zaidi. Maoni ya mtu mmoja, waliokuja baada yake wakayageuza amri.

Ila hapa mi siko upande ule ule nilioko kwenye their. Fewer imekubalika kweli kweli kwenye maandishi rasmi kwa muda mrefu, msomaji makini anaitarajia, na mwanafunzi wako akiiandika hapotezi chochote. Na tofauti yenyewe inasaidia, sisi tunayo pia, watu wachache, maji kidogo. Mtu akisema "watu kidogo tu walikuja msibani" tunamuelewa na mtaani inasemwa sana, lakini kwenye insha ungemwandikia wachache, sivyo? Basi fanya vivyo hivyo. Kwenye insha weka fewer, pembeni mwandikie kwamba less inasemwa na wenyeji wa lugha ila kwenye maandishi rasmi tunachagua hii, na usikate maksi za maana, kata za mtindo kama zipo.

Na angalia usizidishe. Umbali, muda, fedha na uzito vinachukua less hata vikiwa na namba, "less than ten kilometres", "less than two hours", "less than five hundred shillings". Nimeona madaftari ambayo mwalimu kaweka fewer hapo, na hiyo sasa ndo inasikika vibaya masikioni mwa mwenyeji. Uingereza kwenyewe ugomvi huu ulifika madukani, supermaketi za Tesco mwaka 2008 zilianza kubadilisha vibao vya foleni ya wenye vitu vichache, vilivyokuwa vinasema "10 items or less", wakaweka "Up to 10 items".

Niandikie wanafunzi wakishaandika insha ijayo, nataka kujua wangapi wamechagua ipi baada ya kuambiwa sababu.